Jimmy Wilde aliwezaje kuwapiga mabondia waliomzidi uzito?

Mwalimu wa Ngumi:
Ndugu wapenzi wa ndondi, salaam. Kijana mmoja ninayemfundisha, mwenye kilo 47, anataka kupambana na mwenzake wa kilo 53, kwa hoja kwamba Jimmy Wilde wa Wales alikuwa mwembamba vilevile na bado aliwaangusha watu wakubwa. Ninajua kwamba Wilde alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa flai (daraja la mabondia wepesi, wasiozidi takriban kilo 51) kuanzia 1916 hadi 1923. Naomba kufahamishwa nguvu zile zilitoka wapi, na kama inafaa kijana amfuate.

Mkaa Ulingoni:
Mwalimu, Wilde alizaliwa 1892 na kukulia Tylorstown, katika bonde la Rhondda, ambako wavulana waliingia mgodini mapema. Kwa udogo wake aliweza kupenya kwenye mianya ya makaa ya mawe iliyowashinda wenzake, na kazi ya sululu mahali pa kujikunja namna ile hukaza mabega na mgongo bila kuongeza nyama. Kisha akapigana kwenye mahema ya ndondi ya maonyesho, ambako mtazamaji yeyote aliruhusiwa kupanda ulingoni kujaribu bahati yake. Sifa ya kuwapiga wakubwa ilianzia huko, ila tukumbuke kwamba wengi wao hawakuwa mabondia.

Shabiki wa Zamani:
Naongezea kuhusu ufundi, maana kwangu huo ndio kiini cha jambo. Wilde alishusha mikono karibu na kiuno, akaacha kidevu wazi kama chambo. Mpinzani akirusha ngumi, yeye huvuta kichwa nyuma kidogo tu, ngumi ikapita, na mwenzake akiwa bado anaangukia mbele hukutana na konde. Kwa hiyo uzito wa mpinzani mwenyewe uliongeza kishindo. Ndiyo maana alishinda takriban mapambano 100 kwa nokauti, na wakamwita mzimu mwenye nyundo mkononi. Mtindo huo unadai macho na miguu ya aina ya pekee. Sijawahi kuona kijana aliyeuiga akabaki salama.

Mkaa Ulingoni:
Nakubaliana nawe kabisa. Zaidi ya hayo, mwalimu, mwelezee kijana wako pambano la Januari 1921, kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Pete Herman wa Marekani, bondia wa uzito wa bantamu (daraja zito kuliko flai), alimzidi Wilde kwa kilo kadhaa, na Wilde alisita kupanda ulingoni, lakini akakubali kwa kuwa mwana wa mfalme alikuwa ukumbini. Alipambana kwa ushujaa mkubwa hadi raundi ya 17, ambapo aliangushwa tena na tena mpaka mwamuzi akasimamisha. Baada ya hapo alikaa zaidi ya miaka miwili bila pambano, na aliporudi, Juni 1923 mjini New York, Pancho Villa wa Ufilipino alimmaliza katika raundi ya 7 na kuchukua ubingwa. Hakupigana tena.

Mwalimu wa Ngumi:
Nawashukuru sana. Nimemsimulia kijana pambano la Herman raundi kwa raundi, naye akanyamaza kwa muda, kisha akauliza kama tunaweza kumtafutia mpinzani wa kilo 48. Nimeanza kumtafuta.