Nakwenda Ziwa Superior Februari na kamera: naomba ushauri wa aliyewahi kupiga picha kwenye theluji

Binti_wa_Mbagala

Habari za jioni wadau. Kazi yangu ni picha za harusi, sendofu na kicheni pati, huu mwaka wa saba. Theluji nimeiona kwa mbali tu, ile ya kilele cha Kilimanjaro, nikiwa dirishani kwenye basi la Moshi. Sasa dada yangu ameolewa Duluth, Minnesota, ukingoni kabisa mwa Ziwa Superior, na amenikatia tiketi nikakae naye wiki mbili katikati ya Februari. Viza imeshatoka.

Sitaki kurudi na picha za mimi nimesimama kwenye theluji. Nataka ziwa lenyewe, barafu, misitu, na wale bundi wakubwa wa kijivu ambao dada anasema wanapatikana mwendo wa saa moja kwa gari kutoka kwake. Nina kamera moja ya sensa ndogo, lenzi ya kawaida ya 24-70 na ya kuvuta mbali ya 70-200, betri tatu (mbili za kopi), na stendi ya chuma.

Baridi ya chini ya sifuri itaua kamera? Hiyo 70-200 inatosha kwa bundi, au nikope nipate lenzi ndefu? Halafu nilijaribu kupiga mashuka meupe yameanikwa juani, yakatoka ya kijivu kama hayajafuliwa. Theluji itakuwaje? Na koti zito hapa Dar napata wapi?

Jaketi_Ilala

Koti usinunue dukani. Nenda Karume asubuhi wanapofungua marobota, ulizia wenye majaketi ya baridi. Hapa mjini wateja wake ni wachache, kwa hiyo bei inashuka ukiwa mvumilivu. Kagua zipu, na hakikisha ndani ya mikono kuna lastiki ya kubana upepo. Ukipita Moshi, soko la Memorial lina mengi zaidi kwa sababu ya wapanda mlima. Viatu kanunue huko huko.

Mzee_wa_Tabata

Mdogo wangu, Duluth nimekaa misimu mitatu ya baridi nikisoma, na karibu kila Jumamosi kamera ilikuwa shingoni. Nimefurahi sana kuona mtu wa Mbagala anakwenda kulipiga picha ziwa lile kwa nia hasa. Nitakwambia niliyoyaona mwenyewe.

Baridi haiui kamera. Kamera inaumia unaporudi ndani. Jumamosi yangu ya kwanza nilipiga toka alfajiri hadi saa nne, nje ni nyuzi -22, kisha nikaingia nyumbani kwenye hita na kamera mkononi. Lenzi ikashika ukungu papo hapo. Nikafuta, ukarudi. Nilipoinamisha kioo dirishani nikaona ukungu mwingine uko ndani, nyuma ya kioo cha mbele, ambako kitambaa hakifiki. Siku mbili nzima sikupiga picha. Nawe jambo hili unalijua tayari: ukitoka na kamera kwenye ukumbi wenye AC saa nane mchana, lenzi inatoka jasho. Ni kitu kile kile, ila kule tofauti ya joto inafika nyuzi 40. Kwa hiyo ukiwa bado nje, itie kamera kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, kamua hewa, funga, ndipo uingie. Unyevu utatua juu ya plastiki. Usiufungue kwa saa mbili, hata ukitamani vipi kuona picha. Memori kadi itoe mapema kabla hujaingia.

Betri zitazimika mapema, za kopi zikitangulia. Moja iwe kwenye kamera, nyingine mfuko wa ndani, zikae karibu na mwili. Ikikwambia imekwisha usiikatie tamaa: ipashe joto kifuani nusu saa, mara nyingi itakupa picha nyingine kadhaa. Stendi yako ya chuma ivishe sponji miguuni, isikugandishe vidole. Na fulana za pamba ziache Dar, zikilowa jasho zinakugandisha. Vaa sufu ndani.

Mashuka yako yametoka ya kijivu kwa sababu kamera hudhani kila inachokiona kina weupe wa wastani. Bila shaka umeliona hilo ukipiga swala ya Idi, safu za kanzu nyeupe zikitoka kama zimepakwa majivu. Ongeza mwanga mwenyewe kwenye kipimo cha +/- cha kamera, +1 hadi +1.7, uangalie histogramu (ile grafu ya mwanga kwenye skrini) isigonge ukuta wa kulia. Theluji ikiungua kwa mwanga kuzidi haina tena alama za nyayo wala vivuli, inabaki karatasi.

Sasa bundi. Dada yako anazungumzia kinamasi cha Sax-Zim, kaskazini-magharibi mwa Duluth. Usikope hela ya lenzi. Bundi yule ana uso wa duara kama ungo, na kazi yake ni ya ungo kweli: unakusanya sauti. Anakaa juu ya mti mkavu, kichwa amekiinamisha, anasikiliza panya wanaopita kwenye vijia vyao chini ya theluji, hata kina cha sentimita 60. Kisha anajiachia na kuitoboa theluji kwa miguu. Ukimwona utadhani ni ndege wa kilo tano, kumbe chini ya manyoya kuna kilo moja na kidogo. Ndiyo maana namwombea asisumbuliwe: kila akirushwa kwa sababu ya mpiga picha anapoteza nguvu alizozipata kwa kuwinda. Wapo wanaowatupia panya ili waje karibu. Usifanye, na ukiwakuta wanaofanya hivyo, ondoka.

Kaa ndani ya gari, pembeni ya barabara. Zima injini na hita kabla ya kushusha kioo, maana hewa ya moto ikitoka dirishani inatikisa picha kama lami ya Barabara ya Morogoro saa saba mchana. Utalaumu fokasi bure. Kwa 70-200 bundi atakuwa mdogo. Mwache awe mdogo! Picha ninayoipenda kuliko zote nilizopiga kule ina misonobari myeusi, theluji, na bundi ukubwa wa kucha kwenye kona. Mama yangu alimtafuta dakika nzima, alipompata akashika mdomo.

Sangara_Mwanza

 Niongeze tu kwamba Superior ndilo linaloongoza duniani kwa eneo kati ya maziwa ya maji yasiyo na chumvi, kama kilomita za mraba 82,000, na letu la Victoria linafuata. Dada, ukifika utuletee upeo wa macho wa kule, sisi wa huku tuulinganishe na wetu.

Binti_wa_Mbagala

Shikamoo mzee wa Tabata, na asante sana. Nimeyanakili yote daftarini. Ziwa lenyewe nilipige saa ngapi? Na barafu naweza kutembea juu yake?

Mzee_wa_Tabata

Marahaba. Amka mapema. Katikati ya Februari jua linachomoza saa moja na dakika kama kumi, na kutoka ufukwe wa Duluth unaliona likitokea juu ya maji. Asubuhi ya baridi kali, mahali ambapo maji hayajaganda, ziwa linatoa mvuke na jua linaupaka rangi ya chungwa. Hudumu muda mfupi, uwe umeshasimama pale. Ila mchana usikimbilie ndani kama tunavyofanya huku jua likiwa utosini. Kule halifiki hata nusu ya mbingu, kwa hiyo vivuli ni virefu na mwanga ni wa upande kutwa nzima.

Nenda na Brighton Beach, mwisho wa mji upande wa mashariki. Upepo ukisukuma, barafu inavunjika vipande bapa kama vioo vya dirisha na kupandana ufukweni. Piga dhidi ya jua, utaona rangi ya bluu ndani yake.

Kutembea juu ya barafu ya ziwa: hapana. Kwenye maziwa madogo wenyeji huhesabu sentimita 10 za barafu safi ndipo mtu apite kwa miguu, na wanapima. Superior haliaminiki hata kwa kipimo hicho, kwani upepo ukigeuka bamba zima linakatika na kuelea na aliyesimama juu yake. Mimi nilibaki kwenye mawe misimu yote mitatu.

Binti_wa_Mbagala

Nimeelewa mzee, nitabaki kwenye mawe. Jana usiku nilizifunga betri kwenye mfuko nikazilaza kwenye friza la mama. Leo asubuhi ya kopi imewaka nyekundu baada ya picha 60, halisi ikaendelea. Kesho naenda Kariakoo kutafuta halisi ya pili, na Jumamosi Karume.