Kundi la Ukoo: Doto na kesi ya tochi

*Mama Mdogo Igoma:* Mwangaluka wote. Doto kapewa wito wa mahakamani, Jumatatu saa tatu, Mahakama ya Wilaya Nyamagana. Nani anayajua haya mambo?

*Kulwa Boda:* Mwangaluka mama. Kapigwa tochi ya kupima mwendo tena Buhongwa.

*Doto:* Kulwa tulia. Ni 74 kwenye kibao cha 50. Nilikuwa nawahi zamu Nyegezi, tajiri mwenye daladala anataka hesabu kamili ya siku. Safari hii trafiki kagoma kuandika notisi ya faini. Kaniambia tumekuchoka, kamweleze hakimu.

*Mjomba Kirumba:* Faini ya elfu 30 tu imeshindikana??

*Kulwa Boda:* Sisi wa boda na bajaji ni elfu 10 tangu bajeti ya 2021 😎

*Mama Mdogo Igoma:* Kulwa, mdogo wako ana kesi.

*Mjomba Kirumba:* Huyo trafiki hanywi chai?

*Dada Karani:* Mjomba shikamoo. Hiyo futa. Rushwa ni kesi nyingine, kubwa kuliko ya tochi.

*Mjomba Kirumba:* Marahaba. Ujumbe umefutwa.

*Shangazi Nyakato:* Mimi kinachonitisha ni madeni. Nimeingiza namba ya ile daladala kwenye mfumo wa polisi, limetoka deni refu kama mkeka. Hakimu si atamwona sugu?

*Dada Karani:* Shangazi, deni hilo ni la namba ya gari. Humo wamepita madereva na deiwaka wa kushikia siku moja wangapi? Halafu notisi ukishailipa inaishia barabarani, hakuna hakimu aliyekutia hatiani. Kosa la nyuma linalohesabika mahakamani ni hukumu: mahakama gani, lini, kosa gani, adhabu gani. Mshtakiwa akiikana, upande wa mashtaka uithibitishe kwa kumbukumbu.

*Shangazi Nyakato:* Afadhali. Basi Doto ni mkosaji wa mara ya kwanza.

*Doto:* 😬

*Mama Mdogo Igoma:* Doto?

*Doto:* Mwaka jana niliovateki kwenye mlima, nikapelekwa mahakamani Misungwi. Nilikiri, nikalipa faini. Sikutaka mama ajue.

*Mama Mdogo Igoma:* Ndiyo ile hela ya mbolea.

*Doto:* Nisamehe mama.

*Dada Karani:* Hapo sasa. Jumatatu usithubutu kusema ni mara yako ya kwanza. Sikilizeni inavyokwenda. Unasomewa shtaka, unajibu ni kweli au si kweli. Mpaka hapo Misungwi haitajwi, maana kuovateki mwaka jana hakuthibitishi kwamba juzi ulikimbiza gari. Ukishatiwa hatiani ndipo hakimu anamuuliza mwendesha mashtaka kama ana kumbukumbu za makosa ya nyuma. Wengi wanaponea hapo, anajibu hana, basi hakimu analegeza. Kwako anaweza kuwa nayo. Halafu wewe unapewa nafasi ya kujitetea upunguziwe adhabu.

*Mjomba Kirumba:* Kwa hiyo jela?

*Dada Karani:* Sijasema jela. Hakimu anaangalia kosa la zamani linafanana na hili au la, lina muda gani, kuna mtu kaumia, faini ya kwanza ulimaliza. Doto hajapasua kichwa cha mtu, hiyo inamsaidia. Mimi ninachohofia ni leseni. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inampa hakimu uwezo wa kumzuia mtu asiendeshe kwa muda. Faini tutachangishana humu, leseni hatuwezi.

*Kulwa Boda:* Si akane tu? Waonyeshe picha ya tochi.

*Dada Karani:* Kama hakuwa yeye, akane. Ukikiri, rufaa unakata kwenye adhabu tu, kutiwa hatiani kwa kawaida huwezi tena kukupinga. Doto, gari uliendesha wewe?

*Doto:* Mimi.

*Dada Karani:* Basi kiri. Kukiri mapema kwa kawaida kunapunguza adhabu. Na usiende na ile ya nina mke na watoto wananitegemea. Hakimu ameisikia tangu asubuhi kwa watu wote waliokutangulia. Mwambie kitu kilichobadilika.

*Doto:* Kimebadilika nini sasa? Hesabu ni ileile.

*Shangazi Nyakato:* Ndiyo shida yenyewe. Tajiri anakaa na hesabu yake, kizimbani anapanda dereva.

*Dada Karani:* Kweli shangazi, ila mguu uliokanyaga mafuta ni wa Doto, na hakimu atasema hivyohivyo.

*Mjomba Kirumba:* Kuna jamaa yangu Pansiansi anatafuta dereva wa kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kwa mshahara wa mwezi. Hakuna hesabu. Nimuulize?

*Doto:* Muulize mjomba, leo.

*Mama Mdogo Igoma:* Karani, utakuwepo Jumatatu?

*Dada Karani:* Nipo, ila ndani siwezi kumsemea. Aje saa mbili na leseni, huo wito na risiti ya faini ya Misungwi. Risiti ipo?

*Doto:* Nadhani ipo kwenye droo ya daladala.

*Kulwa Boda:* Daladala iko na deiwaka Usagara. Namfuata.

*Mama Mdogo Igoma:* Polepole Kulwa!!