Mzazi alipata saratani ya utumbo mpana: watoto wapimwe lini, na kwa kipimo kipi?

Mdadisi

Wakuu, naomba msaada wa wanaoijua fani hii. Mzazi aligundulika na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 47. Watoto wake leo wana miaka 41, 36 na 29, na wote wanasema hawana dalili. Wanataka kuanza na kipimo cha choo, kile cha FIT, kwa kuwa sampuli unajichukulia mwenyewe nyumbani. Kolonoskopi, ile kamera inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana, waifanye tu endapo damu itaonekana. Mpango huo uko sawa? Na kila mmoja aanze lini?

Kinasaba

Mpango huo unamfaa mtu ambaye kwao hakuna aliyeugua. Kwa hawa watatu, hapana.

Mtu wa kawaida huanza kupimwa akiwa na miaka 45 kwa mwongozo wa Marekani wa 2021. Kabla ya hapo ulisema 50, na zipo nchi ambazo bado zinaanzia huko. Mwenye mzazi, ndugu wa damu au mtoto aliyeugua kabla ya kufikisha miaka 60 huanza akiwa na 40, au miaka 10 chini ya umri aliougulia yule mgonjwa, lolote litakalotangulia. 47 toa 10 ni 37. Kwa hiyo wa miaka 41 ameshachelewa, wa 36 amebakiza mwaka, wa 29 bado. Kipimo chao ni kolonoskopi, kila baada ya miaka 5.

Kwa nini kamera na si choo? Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama polipu, yaani kinyama kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo, na kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi kugeuka saratani. FIT inatafuta damu. Polipu ndogo aghalabu haivuji damu, kwa hiyo FIT inaipita. Kamera inaiona, na inakatwa papo hapo kabla haijawa ugonjwa.

Kuna jambo hukuuliza. Miaka 47 ni umri mdogo kwa saratani hii. Je, uvimbe wa mzazi ulipimwa protini za MMR, zile zinazorekebisha makosa ya DNA? Kama haukupimwa, kipande kilichohifadhiwa maabara bado kinaweza kupimwa. Zikikosekana, huenda ni sindromu ya Lynch, inayorithiwa, na kipimo cha jeni kitathibitisha. Hapo hata wa miaka 29 hasubiri: wenye Lynch huanza kolonoskopi wakiwa na miaka 20 hadi 25 na hurudia kila mwaka mmoja au miwili. Ulizeni pia kama ukoo una saratani ya mji wa mimba, maana huambatana na Lynch.

Darubini

Naafiki, ila FIT isidharauliwe. Kwa asiye na hatari ya ziada ni kipimo kizuri, mradi kirudiwe kila mwaka. Kinachokiharibu ni uchukuaji. Choo kikiangukia majini, damu ya juu inaoshwa. Kinga kwa karatasi au chombo kikavu. Kijiti kina mifereji midogo: kwaruza juu ya choo sehemu kadhaa, mifereji ikijaa basi. Kujaza kichupa hakuongezi usahihi, kunavuruga kipimo. Usichukue ukiwa kwenye hedhi.

Adui mkubwa ni joto. Hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu ambayo FIT huitafuta, huoza, na sampuli iliyosahaulika ndani ya gari juani inaweza kutoa jibu la "hakuna damu" wakati damu ilikuwepo. Ipeleke mapema.

Masharti ya kuacha nyama nyekundu na vitamini C ni ya kipimo cha zamani cha kutafuta damu kwenye choo, kiitwacho gwayaki. FIT inatambua hemoglobini ya binadamu tu.

Na damu ikionekana, msirudie FIT "kuhakikisha". Uvimbe huvuja leo, kesho ukanyamaza. Jibu zuri la pili halifuti la kwanza. Kinachofuata ni kolonoskopi, ndani ya miezi michache.

Mdadisi

Nashukuruni sana. Nimemhoji tena wa miaka 36. Kumbe huona damu nyekundu kwenye karatasi mara mojamoja, akaambiwa ni bawasiri, kwa hiyo hakuihesabu.

Zamu ya Kamera

Basi huyo habari ya kungoja 37 imekwisha. Damu ni dalili, aende sasa. Bawasiri inaweza kuwepo kweli na uvimbe ukawepo juu yake. Atakapokwenda, apimwe na wingi wa damu: uvimbe wa upande wa kulia huvuja polepole, choo kinaonekana cha kawaida huku madini ya chuma yakiisha mwilini.

Kolonoskopi nyingi mbovu huharibikia kwenye maandalizi. Siku 2 au 3 kabla, aache mbegu, karanga na mboga za majani, kwa sababu huziba mrija wa kunyonya. Vidonge vya chuma aache wiki moja kabla. Dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda asizikatishe mwenyewe, aulize. Vinywaji vyekundu na vya zambarau hapana, vinafanana na damu.

Dawa ya kusafisha tumbo igawanywe: nusu jioni, nusu saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, na amalize angalau saa 2 kabla. Akiimaliza yote jioni, usiku majimaji ya nyongo yanashuka na kupaka upande wa kulia, na polipu bapa hujificha hapo hapo. Anachotoa kiwe maji ya manjano yasiyo na uchafu, kama mkojo. Kikiwa bado cha kahawia, awaambie kabla hajalala kitandani.

Hatari ya utumbo kutoboka ipo, chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Akipewa dawa ya usingizi, asiendeshe gari siku hiyo.

Baadaye adai ripoti ya maandishi: kamera ilifika pale kidole tumbo kinapoanzia? Usafi ulikuwaje? Polipu ngapi, za ukubwa gani? Ikiwepo adenoma, yaani polipu ya aina inayoweza kugeuka saratani, ya milimita 10 au zaidi, anarudi baada ya miaka 3, hangoji 5.