London mpaka Tokyo ni masaa mangapi hasa? Mahesabu yangu yanagoma

Mtoa mada:
Habari zenu wakuu, naombeni kueleweshwa maana hii kitu inanisumbua toka jana. Januari natoka London kwenda Tokyo, nimecheki umbali ni kama km 9,600 na ndege kubwa inakimbia kama km 900 kwa saa, nikagawanya nikapata masaa 10 na dakika 40. Sasa tiketi inasema naondoka London saa 1 usiku nafika kesho yake saa 12 jioni, hayo si masaa 23? Kurudi ndo nimechoka kabisa, naondoka Tokyo saa 5 asubuhi nafika saa 10 na nusu jioni siku hiyohiyo. Masaa matano na nusu! Umbali si uleule jamani?

Jibu 1:
Tiketi iko sawa mkuu. Saa za kuondoka na kufika zinaandikwa kwa saa za mji husika, na Januari Tokyo iko mbele ya London kwa masaa 9. Kwa hiyo kwenda toa 9 kwenye 23, unabaki na 14. Kurudi ongeza 9, unapata 14 na nusu. (Kiangazi tofauti ni masaa 8, maana Uingereza wanasogeza saa mbele, Japani hawagusi.)

Jibu 2:
Hapo kwenye saa kaelezwa vizuri, ila bado kuna yale masaa matatu na zaidi yaliyozidi kwenye hesabu yake. Ndugu, hiyo km 9,600 ni njia fupi kuliko zote, chukua tufe la dunia uvute uzi toka London mpaka Tokyo utaona uzi unapanda kaskazini unakatiza Urusi sehemu kubwa ya safari. Zamani ndo zilikuwa zinapita huko, masaa 12 hivi unatua. Toka 2022 vita ya Ukraine ilivyoanza anga ya Urusi imefungwa kwa ndege za Uingereza na za Japani nazo zinaikwepa, so lazima kuzunguka, ama kusini kwa Uturuki na Kazakhstan au kaskazini kwa Alaska na Greenland.

Mimi nilirudi kwa hiyo ya kaskazini. Tumeruka Tokyo naangalia ramani kwenye skrini ya kiti naona ndege inaelekea mashariki, juu ya Pasifiki, wakati London iko magharibi, nikashtuka nikamuuliza mhudumu akasema tunafuata upepo. Na ni kweli, kule juu kuna upepo unavuma toka magharibi kwenda mashariki, kipindi cha baridi karibu na Japani unazidi hata km 200 kwa saa, ukiupa mgongo unakusukuma, ukiukabili unakula mafuta na muda.

Jibu 3:
Helsinki kule Finland ndo waliumia zaidi, Helsinki–Tokyo ilikuwa masaa tisa na nusu, ikaja kuwa kama 13. Na si mara ya kwanza, enzi za Vita Baridi ndege za Ulaya kwenda Japani zilikuwa zinakwepa anga ya Urusi, zinatua Anchorage kule Alaska kujaza mafuta.

Mtoa mada:
Nimeelewa sasa, asanteni sana. Kwa hiyo nikitua hiyo saa 12 jioni naweza kuweka kikao usiku huohuo?

Jibu 2:
Usiweke. Saa 12 jioni ya Tokyo mwili wako utakuwa unahesabu saa 3 asubuhi ya London, na kwenye ndege hujalala vya kutosha. Weka kesho yake mchana.