Malkia au ngome kwenye c8? Tulinganishe majibu ya fumbo la Fenton na Potter

Pembe_Nakuru
Hamjambo wana chesi. Kuna fumbo linazunguka kwenye magrupu ya simu toka Nakuru hadi Busia, na kila mtu ana jibu lake. Pangeni ubao hivi (herufi ni safu wima, namba ni mstari wa kulala):

Mweupe: mfalme b6, kitunda (pawn, hugeuka kete nyingine kikifika mwisho wa ubao) c6.
Mweusi: mfalme a1, ngome d5.
Zamu ni ya Mweupe.

Kete nne tu, lakini nimehesabu majibu matatu: (a) sare, (b) Mweupe anashinda kwa malkia, (c) anashinda kwa ngome. Tafadhali leteni hatua, si kelele. Anayesema "kompyuta imesema" bila kuonyesha njia tutampita.

Kondele_64
Ni (a). Kitunda kinakwenda c7, ngome inapiga cheki (inamshambulia mfalme) d6. Mfalme anashuka c5 na kuitishia ngome, nayo inakimbia hadi d1. Sasa ukipandisha kitunda c8 kiwe malkia, ngome inaingia c1, cheki. Mfalme na malkia wako kwenye safu moja ya c: mfalme lazima aondoke, malkia analiwa. Ukichelewesha kupanda, ngome inakaa nyuma ya kitunda na kukisubiri. Sare. Tufunge uzi.

Mwalimu_Kakamega
Usifunge, ndugu Kondele. Mahesabu yako ni sahihi, ila umemwongoza mfalme kwenye mraba usiofaa. Baada ya ile cheki ya d6 mfalme ana miraba mitano, tuipime mmoja mmoja.

b7 au a7: ngome inakwenda d7. Kitunda cha c7 kimebanwa kati ya ngome na mfalme wake, hakiwezi kusogea. Hatua inayofuata ngome inakila, hata kama italiwa yenyewe. Wanabaki wafalme wawili. Sare.

a5: ngome inakwenda c6, nyuma ya kitunda, na mfalme hawezi kuifikia. Kikipanda kinaliwa c8, Mweusi anabaki na ngome na Mweupe anashindwa.

c5: umeshaonyesha mwenyewe.

b5: huu ndio mraba. Ngome ikienda c6 mfalme anaila. Ikienda d1, kitunda kinapanda kuwa malkia na ile cheki ya c1 haipo tena, kwa sababu mfalme hayuko kwenye safu ya c. Kwa hiyo Mweusi hana budi kuendelea na cheki: d5, mfalme b4, d4, mfalme b3, d3, mfalme c2. Mfalme anashuka ngazi kwenye safu ya b na kuingia c pale mwisho tu, akiitishia ngome iliyoko d3. Akikosea njiani akaingia c4, ngome inarudi d1 na mambo ni yaleyale ya c5.

Lanet_Kimya
Nyongeza ndogo kwa Mwalimu. Ngome ikipiga cheki d4, mfalme anaweza pia kwenda c3 na asipoteze kitu. Ngome ikikimbilia d1, mfalme anakwenda c2 na kuitishia palepale, nayo inalazimika kurudi d4. Mnafika mahali pamoja. Tofauti ya c3 na c4 au c5 ni hiyo tu: kutoka c3 mfalme yuko hatua moja na c2, kutoka juu zaidi hafiki. Vitabu vingi huandika b3 pekee, na anayejibu c3 huambiwa kakosea. Hajakosea.

Kondele_64
Sawa, mfalme yuko c2, cheki zimekwisha. Mimi nacheza ngome d4. Panda malkia sasa, tuone.

Kitunda c8 malkia. Ngome c4, cheki. Malkia asipoila, mfalme anasogea na malkia analiwa c8. Akiila, mfalme wangu wa a1 hana pa kukanyaga: b1 na b2 zinalindwa na mfalme wa c2, a2 inapigwa na malkia kwa mshazari kutoka c4. Hajapigwa cheki wala hana hatua. Stelimeti. Nilisema sare.

Pembe_Nakuru
Kwani lazima iwe d4? Ikiwa d5 au d6 si hivyohivyo?

Mwalimu_Kakamega
Hapana, na hapo ndipo utamu ulipo. Jaribu ngome d5: malkia anapanda, ngome c5 cheki, malkia anaila. Kutoka c5 malkia hapigi a2, kwa hiyo mfalme ana mraba wa kukimbilia na Mweusi amepoteza ngome bure. Toka c6 ni vilevile. Mshazari unaofika a2 unaanzia c4 peke yake, ndiyo maana d4 ndiyo kinga pekee.

Sasa dawa yake. Kitunda kikifika c8, kifanye NGOME, si malkia. Kwanza, kunatishwa ngome a8, chekimeti: safu ya a yote imefungwa, b1 na b2 ziko chini ya mfalme wa c2. Pili, mtego wa c4 umekufa. Ngome nyeusi ikija c4 na kuliwa na ngome, a2 iko huru, mfalme anatoka a2 na ngome inakwenda a4, chekimeti.

Kwa hiyo Mweusi amebakiwa na kinga moja, ngome a4. Mweupe anajibu mfalme b3. Hatua moja, vitisho viwili: kuila ngome ya a4, na ngome c1 chekimeti. Mfalme mweusi akikimbilia b1 anaipoteza ngome. Mfalme na ngome dhidi ya mfalme mtupu ni hatua zisizozidi 16 kwa anayejua kazi. Jibu ni (c).

Lanet_Kimya
Kwa ubao aliopanga Pembe, (c) kabisa. Lakini picha niliyotumiwa mimi ina mfalme mweusi h6, na jibu lililoandikwa chini yake ni la a1. Huo mchanganyiko ndio unaogombanisha watu.

Mchezo wenyewe ni wa 1875, kati ya wachezaji Fenton na Potter, na waliafikiana sare. Zukertort, bingwa wa chesi wa enzi hizo, ndiye aliyeonyesha kwamba Mweupe angeweza kushinda. Mwaka 1895 Potter alipofariki, Georges Barbier aliukumbusha kwenye safu yake ya chesi katika gazeti la Glasgow, ila aliupanga kwa kumbukumbu na mpangilio wake haukuwa wa mchezo halisi. Humo mfalme mweusi yuko h6. Baadaye akamhamishia a1 na kutangaza kuwa sasa ni sare kwa ile stelimeti ya Kondele. Fernando Saavedra, kasisi Mhispania aliyekuwa akiishi Glasgow, akamwonyesha ngome ya c8. Dunia inaliita fumbo hili kwa jina la Saavedra, kwa hatua moja.

Linganisheni wenyewe. Mfalme akiwa h6, malkia c8 ndiye mshindi: ngome c4, malkia anaila, mfalme ana miraba tele. Ukichukua ngome kwenye ubao huo umejitia hasara, kwa kuwa hakuna chekimeti inayotishwa a8 na mnabaki ngome kwa ngome. Sare ya wazi. Kwa hiyo kabla ya kumbishia mtu, muulize mfalme wake amelala wapi.

Kisumu_Saa
Mnaojaribu kwenye simu: Lichess (tovuti ya kuchezea chesi) ina mpangilio wa kupandisha malkia moja kwa moja. Ukiwa umewashwa "daima", kitunda kikigusa c8 kinageuka malkia bila kukuuliza, halafu unasema fumbo ni bovu. Uzimeni kwanza.

Na kwa wanaocheza mashindano kwa ubao wa mbao: tabia yetu ya kugeuza ngome kichwa chini na kuiita malkia haitambuliwi na FIDE, shirikisho la chesi duniani. Ukiiweka hivyo kwenye mraba na mchezo ukaendelea, mwamuzi anaihesabu kuwa ngome, hata ukitamka "malkia" kwa sauti. Ukitaka malkia wa pili, simamisha saa na umwombe mwamuzi akuletee. (Kwenye fumbo hili, mwenye tabia mbaya angeshinda bila kujua.)

Kondele_64
Nimesalimu amri kwa a1. Swali la mwisho: Mweupe akiiona stelimeti mapema, hawezi kusubiri? Mfalme yuko c2, ngome d4, badala ya kupanda anakwenda b3.

Mwalimu_Kakamega
Anaweza, lakini haimletei kitu. Ngome inapiga cheki d3, mfalme anarudi c2, ngome inarudi d4. Ubao ni uleule. Ukitokea mara ya tatu na zamu ileile, Mweusi ana haki ya kudai sare. Ukifika c2 na ngome iko d4, panda.