Mrejesho: chanjo za farasi mwenye mimba, Mufindi

Wakuu, niliuliza kama farasi jike mwenye mimba ya miezi 8 achanjwe au aachwe hadi azae. Daktari wa mifugo kasema achanjwe. Pepopunda inachomwa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa, kinga iingie kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza. Mtoto huzaliwa hana kinga kabisa, kwa hiyo anyonye ndani ya saa 6 za mwanzo, tafadhalini! Chanjo ya herpesi, virusi vinavyotoa mimba, ni mwezi wa 5, 7 na 9 wa mimba; ya 9 haturuki. Ile ya ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi ina virusi hai, inasubiri azae. Chupa ya pepopunda ifungeni gazeti, isiguse barafu: ikiganda imeharibika.