Gari linasita kupanda Kitonga likiwa la moto: nianze na plagi, pampu au vipimo?

Msafiri wa Kitonga

Wanajamvi, habari za majukumu. Nina gari dogo la Kijapani la mwaka 2005, injini ya petroli ya CC 1,490, gia otomatiki, ambalo nililinunua kwa mtu likiwa limetembea kilomita 168,000. Ndani ya mji halina neno. Tatizo hujitokeza ninapokwenda Iringa: nikishafika mlima wa Kitonga, baada ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam, nikikanyaga mafuta ili kulipita lori, gari husita sekunde moja au mbili kana kwamba limekatiwa pumzi, kisha huchomoka ghafla. Hufanya hivyo mara tatu au nne, halafu hutulia, na nikililaza Iringa hadi asubuhi huamka kama si lenyewe. Taa ya injini haijawahi kuwaka. Nimeona pia kwamba kila lilipofanya hivyo mshale wa mafuta ulikuwa chini ya robo.

Mafundi watatu wamenipa majibu matatu. Wa kwanza anasema nibadili plagi zote nne pamoja na koili zake zinazozipa umeme wa cheche. Wa pili anataka kufungua tangi abadili pampu ya mafuta na chujio. Wa tatu anasema throto (mlango wa hewa wa injini) na sensa ya hewa (inayopima hewa hiyo) zisafishwe, kazi ya nusu saa. Nikijumlisha yote yanakaribia laki sita, na hakuna hata mmoja wao aliyepanda gari hilo nikiwa naendesha. Naomba wenye uzoefu wanilinganishie: nianze na lipi, na kwa sababu gani?

Bandarini

Ndugu Msafiri, pole kwa usumbufu. Mimi niko Mombasa, na ningeanza na plagi na koili bila kusitasita. Gari langu la mtumba lilinitesa vivyo hivyo kila nilipopanda Mazeras, mekanika akanibadilishia sensa mbili ambazo hazikuwa na kosa lolote. Usiku mmoja tulizima taa zote za ua, tukafungua boneti, tukalipandisha mzunguko huku breki imekanyagwa, na hapo ndipo tulipoona cheche ndogo za buluu zikiruka kutoka kwenye mpira wa koili ya silinda ya 3 kwenda kwenye chuma cha injini. Mpira ulikuwa na ufa usioonekana mchana. Injini ikibebeshwa mzigo, cheche huhitaji volti nyingi zaidi ili kuruka kwenye ncha ya plagi, na ikikuta njia rahisi pembeni itapita huko. Kwa gari la kilomita 168,000, plagi za iridiamu ambazo kwa kawaida huhesabiwa kilomita 100,000 zimekwisha kula muda wake hata kama si zenye kosa.

Mama Shamba

Mimi ningeanza na kilicho rahisi, yaani throto na sensa ya hewa, kwa kuwa haihitaji kununua kipuri chochote. Halafu Ndugu Msafiri angalia unajaza wapi. Tangu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ianze kuweka vinasaba (kemikali ya kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 uchakachuaji wa mafuta ya taa umebanwa, lakini maji na uchafu wa chini ya tangi la kituo havizuiliwi na vinasaba.

Fundi Umeme

Nafanya kazi ya umeme wa magari hapa Dodoma, na naomba nitofautiane kwa heshima na waliotangulia, si kwa sababu walichosema hakiwezekani, bali kwa sababu chaguo zote tatu ni za kununua au kufungua kabla ya kupima. Dada Mama Shamba, throto chafu huonekana zaidi gari likiwa limesimama linaunguruma, au pale unapogusa pedali kwa mara ya kwanza. Haisubiri kilomita 400 na mlima. Mafuta yenye maji nayo hayachagui mlima, yangemsumbua hata asubuhi akitoka kituoni.

Zinabaki tatu zinazolingana na dalili: cheche zinazovuja, mafuta yasiyofika kwa msukumo wa kutosha, na sensa ya hewa inayopunja hesabu. Zote tatu husita chini ya mzigo, ndiyo maana mafundi wako hawakubaliani. Zinatenganishwa na namba. Chomeka kifaa cha OBD, yaani cha kusoma kompyuta ya gari, cha kuunganisha na simu, mtu mwingine asome wewe ukiendesha, na atazame marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza kwenye kipimo chake cha kawaida. Ikiwa marekebisho ni makubwa gari likiwa limesimama na yanapungua ukipandisha mzunguko, hewa inavuja mahali baada ya sensa. Ikiwa ni madogo gari likisimama na yanapanda zaidi ya asilimia 10 mlimani, basi ama mafuta hayatoshi ama sensa ya hewa inadanganya.

Jihadhari na jambo moja. Ukikanyaga pedali hadi sakafuni kompyuta huacha kufuata sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi, na marekebisho hayaonyeshi tena kinachotokea, kwa hiyo panda kwa pedali ya nusu. Soma pia kodi (namba za makosa ambazo kompyuta huzihifadhi) zinazosubiri, si zile zilizothibitishwa peke yake. Kodi ya P0171, inayosema mchanganyiko una mafuta pungufu, katika magari mengi huwasha taa baada ya kosa kuonekana katika safari mbili mfululizo, na gari linaloamka zima asubuhi yake linaweza kukaa mwaka mzima bila kutimiza sharti hilo.

Mwalimu wa Fizikia

Fundi, nina swali kuhusu hoja yako. Silinda ikikosa kuwaka, oksijeni ambayo haikuungua hutoka kwenye ekzosi, na sensa itaisoma kama upungufu wa mafuta. Je, koili mbovu ya Ndugu Bandarini haitapandisha marekebisho hayo hayo?

Kwa Ndugu Msafiri nina jingine. Unasema hutokea mafuta yakiwa chini ya robo, na unasema hutokea baada ya zaidi ya kilomita 400. Kwa njia unayopita, mambo hayo mawili hutokea pamoja siku zote, kwa kuwa unajaza Dar es Salaam na kufika Kitonga tangi likiwa linaelekea kuisha. Hujui ni lipi kati ya hayo linalosababisha. Safari ijayo jaza tangi Mikumi, kisha upande mlima ukiwa na joto lile lile lakini mafuta mengi.

Fundi Umeme

Mwalimu, umenishika pazuri. Ni kweli yatapanda, na ndiyo sababu marekebisho hayasomwi peke yake. Kwenye magari yanayotoa takwimu za kukosa kuwaka kwa kila silinda, koili mbovu huonyesha silinda moja ikihesabu na nyingine tatu zikikaa sifuri. Hapo hamisha koili ya silinda ya 2 uiweke ya 3: ikiwa P0302 (kodi ya silinda ya 2 kukosa kuwaka) itageuka kuwa P0303 (ya silinda ya 3) umempata mwizi bila kununua chochote. Upungufu wa mafuta huwapata wote wanne.

Kuhusu sensa ya hewa kuna kanuni ya kukadiria ambayo hunisaidia. Injini ya nguvu farasi 105 au 110, ikivutwa hadi mwisho karibu na usawa wa bahari, inapaswa kusoma takriban gramu 80 za hewa kwa sekunde, na ikiunguruma imesimama isome kama 2. Ikisoma 55 pale ilipopaswa kusoma 80, isafishe kabla hujamlaumu mtu wa pampu.

Msafiri wa Kitonga

Wakuu, nimerudi. Nilijaza Mikumi kama Mwalimu alivyoagiza, shemeji yangu akashika simu. Gari likiwa limesimama marekebisho yalikuwa asilimia 3. Kabla ya Mikumi, kwenye tambarare, hayakuzidi 5. Kitonga yalifika 19, na mara moja 22, gari likisita huku tangi likiwa karibu kujaa. Takwimu za kukosa kuwaka zilikuwa sifuri kwa silinda zote. Sensa ya hewa tuliipima siku ya pili yake nikiwa nimerudi Dar es Salaam, ikafika gramu 76. P0171 ilikuwepo inasubiri, haijawasha taa.

Naona basi ni pampu. Niinunue?

Fundi Umeme

Bado. Umethibitisha kwamba mafuta hayafiki, hujathibitisha kwamba pampu ndiyo inayokataa kuyapeleka. Pima vitu viwili gari likiwa la moto na linasumbua. Kwanza msukumo wa mafuta: kwa injini za aina hiyo, ambazo mdhibiti wa msukumo na chujio vimo ndani ya tangi pamoja na pampu, hutarajiwa kati ya kilopaskali 300 na 345. Pili, volti zinazofika kwenye nyaya za pampu yenyewe, ukilinganisha na zilizopo kwenye betri wakati huo huo. Tofauti ikizidi volti moja, tafuta waya kwanza.

Bandarini

Naongeza tahadhari, na nakiri kwamba namba zimenipinga. Kipimo cha msukumo kisiunganishwe na mtu anayejifunza njiani. Mafuta yaliyomo kwenye bomba yana shinikizo hata injini ikiwa imezimwa, na petroli ikirukia ekzosi ya moto hutakuwa na gari la kulipima tena. Shinikizo litolewe kwanza, na kizimamoto kiwe mkononi, si kwenye buti.

Msafiri wa Kitonga

Nilimchukua fundi mmoja wa Iringa mwenye kipimo chake, tukateremka hadi Ruaha Mbuyuni na kupanda tena. Likiwa la baridi msukumo ulikuwa 320. Katikati ya mlima ulishuka hadi 215. Tulipoegesha pembeni injini ikiwa inaunguruma, akanyanyua kiti cha nyuma, akafungua kifuniko, akapima: betri volti 13.6, kwenye pampu 10.2.

Hakuhitaji kuendelea sana. Soketi ya waya iliyo juu ya pampu, upande wa waya mweusi wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari), plastiki yake ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na kuvimba, na alipoichomoa pini moja ilibaki imeng'ang'ania upande wa pili. Ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika kwa vidole. Alinieleza kuwa pini ikilegea hupata moto kwa sababu ya mkondo unaopita, ikipata moto hulegea zaidi, na ndiyo maana shida ilihitaji saa kadhaa ili kukomaa na usiku mmoja ili kupotea.

Tumeweka soketi nzima yenye nyaya zake, iliyokatwa kutoka gari chakavu, kwa shilingi 25,000 pamoja na ufundi. Pampu ni ile ile. Volti kwenye pampu sasa ni 13.2, na Jumapili nilipanda Kitonga mara mbili likiwa la moto, marekebisho yakiishia asilimia 6. Ndugu Bandarini, plagi nilizifungua kwa ajili yako: mwanya wa ncha umefika milimita 1.4 badala ya 1.1, kwa hiyo nazo zinabadilishwa mwisho wa mwezi, koili zikibaki.